Mfanyakazi Si Shehena ya Kutoswa Baharini

Jahazi likizidiwa na mawimbi, nahodha huamuru shehena itoswe ili roho za watu zipone. Desturi hiyo ni ya kale, nayo ina haki, kwani gunia halina uhai wala watoto wa kulea. Mabepari wa viwanda vya ndege wameipindua desturi hiyo. Kwao bahari ikichafuka hutoswa watu, shehena ikapona.

Ushahidi uko Wichita, mji wa jimbo la Kansas nchini Marekani unaojiita Mji Mkuu wa Anga wa Dunia. Kampuni ya Cessna ilianzishwa huko mwaka 1927, ya Beech mwaka 1932, na ndege ya kwanza ya Lear Jet ikaruka kutoka mji huo mwaka 1963. Kazi kubwa ya viwanda hivyo ni kuunda ndege ndogo ambazo makampuni na matajiri huzitumia kwa safari za shughuli zao. Lakini mikono ya mafundi hao imefika mbali kuliko mifuko ya matajiri. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mafia kwa ndege aina ya Caravan huwa ameikabidhi roho yake kwa kazi ya mfanyakazi wa Cessna. Yanayomsibu mfanyakazi huyo, basi, si habari za watu baki.

Mwezi Novemba 2008 wakuu wa General Motors, Ford na Chrysler walikwenda Washington kuomba fedha za umma ziyaokoe makampuni yao. Kila mmoja alifika kwa ndege yake. Wananchi walikasirika, na walikuwa na kila sababu. Uchumi ulikuwa umekwisha kuporomoka. Sasa makampuni yakaona aibu hata kuonekana na ndege, na wanunuzi wakafuta oda zao. Ni nani aliyelipa? Katika muda wa miaka miwili hivi Cessna iliondoa karibu nusu ya wafanyakazi wake. Aliyeketi katika kiti cha ngozi alibaki na cheo, na aliyekishona kiti hicho akapewa barua ya kuachishwa.

Wapo wasemao kwamba soko likianguka hakuna la kufanya, kwamba kupunguza wafanyakazi ni kama mvua: hunyesha, haina wa kulaumiwa. Ni kweli kwamba kiwanda kisicho na wanunuzi hakiwezi kuendelea kuunda ndege na kuzirundika uwanjani. Lakini hoja hiyo inaficha zaidi kuliko inavyofichua.

Tazama Hawker Beechcraft. Mwaka 2007 matajiri wa fedha, Onex ya Kanada na tawi la Goldman Sachs, waliinunua kampuni hiyo kwa dola zipatazo bilioni 3.3. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mikopo, na mzigo wa mikopo ukatwikwa kampuni yenyewe. Soko lilipoanguka mwaka uliofuata, kampuni ilikuwa tayari imefungwa jiwe shingoni. Mei 2012 ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake, na ilipotoka mwaka 2013 ilikuwa imeacha kabisa kuunda ndege za jeti. Jiwe lile halikufungwa na soko. Lilifungwa na watu wenye majina na saini. Tena, katikati ya msiba huo, uongozi uliomba wakuu wachache walipwe bonasi ya mamilioni ya dola. Agosti 2012 jaji aliukataa mpango huo, kwa kuwa malengo yaliyowekwa yalikuwa mepesi mno. Mvua gani hii inayochagua mapaa ya kuvuja?

Au tazama Bombardier ya Kanada, iliyoinunua Learjet mwaka 1990. Mwaka 2015 serikali ya Quebec iliahidi kutia dola bilioni 1 za Marekani katika mradi wa kampuni hiyo wa ndege za abiria. Mwaka 2016 kampuni ikatangaza kupunguza watu 14,500 duniani. Mwaka huohuo malipo ya wakuu wake sita yakapanda kwa karibu nusu, yakakaribia dola milioni 33. Wananchi wa Montreal waliandamana Aprili 2017, ndipo wakuu wakakubali kuahirisha sehemu ya malipo hayo. Kuahirisha si kurudisha. Mwaka 2022 Learjet ya mwisho ilikabidhiwa kwa mnunuzi, na jina lililojengwa kwa karibu miaka 60 likakoma viwandani.

Hasara haiishii kwenye mshahara. Ufundi wa ndege haukai katika vitabu peke yake. Hukaa katika kiganja cha mkongwe anayemwonyesha kijana namna ya kuhisi ufa usioonekana kwa jicho. Mkongwe akifukuzwa, kijana hurithi kitabu bila mwalimu. Anayebaki naye hubaki na hofu, na mwenye hofu hunyamaza aonapo kosa, kwa kuwa amejifunza kwamba msema kweli huwa wa kwanza kuondolewa. Katika kiwanda cha ndege, ukimya wa namna hiyo ni hatari kwa kila apandaye. Utamaduni wa kazi hauvunjwi na uvivu wa wafanyakazi, bali na wakubwa wanaohubiri udugu wakati wa faida na hesabu wakati wa hasara.

Waasisi wa viwanda hivyo hawakuwa malaika. Nao walitafuta faida. Ila waliishi mji mmoja na mafundi wao. Mkuu wa leo aweza kulifuta jina la mtu asiyepata kumwona.

Septemba 2024 wafanyakazi wapatao 5,000 wa Textron Aviation, kampuni inayomiliki Cessna na Beechcraft, waliweka zana chini. Baada ya takriban wiki nne walipata mkataba wa miaka mitano na nyongeza ya asilimia 31. Fedha ambazo hazikuwapo zilipatikana, mara tu mikono ilipokunjwa.

Mtumishi wa serikali anayeandika mkataba wa kuisaidia kampuni yoyote kwa fedha za umma analo la kujifunza hapa. Na aandike masharti kabla ya hundi: malipo ya wakuu yapunguzwe kabla ya mfanyakazi yeyote kuachishwa, akiba ya uzeeni isiguswe, deni la mnunuzi lisitwikwe kiwanda, na wafanyakazi wawe na sauti panapoamuliwa. Naye mwalimu wa hesabu awaonyeshe wanafunzi wake kwamba tarakimu ya faida huweza kuwa nyumba elfu zisizo na mshahara. Nahodha wa kweli huwa wa mwisho kushuka chomboni. Anayeanza kwa kuwatosa mabaharia hastahili kushika usukani.