Filme ya kuogopesha haihitaji mlozi

Kuna watu wanaotuambia kila mara: filme ya kuogopesha isiyo na mlozi haiwezi kuuzwa. Sisi tunakataa, na ushahidi tuko nao.

Mwaka 1839 Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani, alitoa hadisi fupi juu ya jamaa ya Usher: kaka na dada, wote wagonjwa, wamebaki ndani ya nyumba kuukuu yenye ufa. Dada anazikwa angali mzima. Mwaka 1960 Roger Corman aliigeuza kuwa filme, House of Usher. Feza ilikuwa kidogo: karibu dola 300,000, siku 15 za kupiga picha, basi. Moto wa mwisho? Walichoma ghala moja la zamani lililokuwa linangoja kubomolewa.

Wenye kutoa feza wakaingiwa na wasiwasi: jitu la kutisha liko wapi? Corman akawajibu kwamba nyumba yenyewe ndiyo jitu. Mwaka 2005 filme hiyo iliingizwa katika orodha ya filme ambazo taifa la Marekani linazihifadhi.

Sasa tuangalie za kwetu. Katika filme nyingi za video tunazouziwa, jitu liko na uso wa mtu. Ni nkambo mwenye macho mekundu. Ni mama mkwe. Ni yatima asiyelala usiku. Pasta anafika, makelele, kwisha. Kisha tunazima televisheni, na kumbe mule ndani ya lupango kuko nkambo mwenye macho mekundu juu ya moshi wa kuni, kuko na yatima. Tutawaangalia namna gani kesho asubuhi? Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi. Lakini ni wangapi wanasoma katiba? Filme, hata asiyejua kusoma anaiangalia.

Watatujibu: ulozi ni mila yetu, ninyi munaiga Wazungu. Hapana. Wazee wetu waliogopa walozi, hatufiche. Lakini hadisi za jioni kwa moto zilitutisha na jitu la porini, hazikutuonyesha mlango wa jirani. Mila hiyo ndiyo tunaitetea.

Tena, muangalie vizuri filme ya Corman. Kaka anaamini kwamba damu ya jamaa yao imeoza kwa ubaya wa mababu. Anaona mkono wa dada yake unatikisika ndani ya sanduku, na anafunga kifuniko haraka. Mwenye kuua ni yule aliyeshitaki damu, si damu yenyewe.

Ninyi munaoshika kamera, musituambie tena habari ya feza. Nyumba zenye ufa tuko nazo, hadisi tuko nazo. Mutuogopeshe, tunapenda. Lakini muache kutuonyesha nani wa kufunga ndani ya sanduku.