Vijana wamegawanyika: nani aliyewafundisha?

Kila Dominika, misa ikiisha, tunawasikia wazee mbele ya kanisa wakisema: «Zamani sisi wanafunzi tulikuwa ndugu. Vijana wa leo ni vikundi vikundi tu: wenye simu nzuri mbali, maskini mbali.» Maneno hayo ni matamu masikioni mwetu. Lakini si ya kweli, na yafaa tuyakatae.

Tukumbuke vizuri. Kabla ya 1960 masomo ya sekondari kwa Wakongomani yalikuwa machache sana. Hata katika uchache ule, mtoto wa karani mwenye viatu hakupenda kutembea na mtoto wa mkulima. Tangu 1948 serikali ya Wabelgiji iliwapa baadhi ya baba zetu karata ya kuwatofautisha na wenzao. Watoto waliona, wakafuata.

Nasi tuliosoma nyuma yao hatukuwa bora. Katika nyumba za wanafunzi tulikaa mezani kabila kwa kabila. Mwanafunzi mpya tulimwita «bleu», tukamlazimisha kutufulia nguo, tukacheka akilia. Wengine walitoroka usiku wakarudi kwao, wasisome tena. Sisi tuliita hayo mchezo.

Na matunda yake? Mwaka 1992 na 1993, hapa Katanga, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao. Maelfu walilala kwenye stesheni za gari la moshi, Likasi na Kolwezi, wakingoja kuondoka. Hatusemi kwamba masomo yalizaa ubaya ule. Twasema hivi: kukaa darasa moja miaka mingi hakukutosha kutuponya.

Tofauti ya leo ipo, ndiyo. Zamani wote tulikula bukari na maharagi ya sufuria moja, tupende tusipende, na padri aliona nani amekaa peke yake. Leo kundi linakutana katika WhatsApp, hata usiku. Mtoto aliyefungiwa nje anajua usiku uleule kwamba wenzake wanamcheka. Baba yupo chumba cha pili, haoni kitu.

Lakini simu ile aliinunua nani? Na nani asemaye mezani: «Usitembee na mtoto wa yule, si watu wetu»?

Wengine watatujibu: «Waacheni, kila kijana ana haki ya kuchagua rafiki.» Kweli, urafiki ni mwema. Lakini kundi linalopata furaha yake katika kumfukuza mwenzao si urafiki hata kidogo.

Basi, wazazi, tuache kuwasifia vijana zamani ambazo hazikuwako. Tuwaambie wazi tuliyowatenda wenzetu, na kwamba tunaona haya. Jioni ya leo tumwulize kila mtoto swali moja: «Darasani mwenu, nani hana rafiki?» Naye akitaja jina, tumwambie amlete nyumbani, ale nasi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.