Dawa ya magugu isiue mtaji wa maharage

Mfanyabiashara wa Ujiji anayempa mkulima wa Kasulu fedha za mbegu ili alipwe kwa magunia ya maharage ana mshindani asiyemwona sokoni: magugu. Wiki nne hadi sita za kwanza baada ya maharage kuota ndizo zinazoamua mavuno. Magugu yakiachwa kipindi hicho, palizi ya baadaye hairudishi hasara.

Vibarua wa palizi hutakiwa na kila mtu kwa wakati mmoja, hivyo wapo wanaokimbilia duka la pembejeo. Hapo ndipo penye hatari. Dawa ya 2,4-D, iliyoanza kuuzwa Marekani miaka ya 1940, huua magugu ya majani mapana na kuyaacha mahindi. Lakini maharage nayo ni mmea wa majani mapana. Mkulima aliyechanganya mahindi na maharage akiipiga, ataokoa mahindi na kuzika maharage. Hata bomba lililobeba dawa hiyo na kuoshwa vibaya, au upepo kutoka shamba la jirani, huweza kuleta madhara hayo.

Dawa zinazochagua zipo. Bentazoni huua magugu mengi ya majani mapana bila kuangamiza maharage, ikipigwa baada ya jani la kwanza lenye vijani vitatu kufunguka, magugu yakiwa bado machanga. Nyasi haziui, kwa hiyo jembe linabaki na kazi. Wanaopanda mikunde ya malisho wana hesabu ile ile, na zaidi wazingatie siku za kusubiri kabla ya kulisha mifugo.

Kwa maoni ya ukurasa huu, anayekopesha mbegu akopeshe na palizi ya kwanza, na gharama hiyo iingie katika hesabu ya gunia tangu siku ya makubaliano. Anayechagua dawa anunue ile tu iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na ambayo kibandiko chake kinataja maharage. Kikitaja mahindi peke yake, aiache dukani.

Wenye maduka nao wasijidanganye. Chupa moja iliyouzwa bila maelezo huleta faida ya siku moja, kisha humfukuza mteja wa mbegu na mbolea wa miaka mingi. Rahisi huvunja upishi, na safari hii chungu ni cha mkopeshaji.