UTAJIRI WA NCHI SI MSHAHARA WA MFANYAKAZI



Wako wenzetu wasemao: "Chama cha nini? Uchumi ukikua, nasi tutapata." Basi tuitazame Marekani, nchi tajiri kweli kweli.

Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu huko tangu Julai 2009 ni dola 7.25 kwa saa. Hadi mwaka 2025 hakikuongezwa hata senti moja, ijapokuwa vyakula na kodi za nyumba zilipanda. Majimbo mengi yameweka kima cha juu zaidi, lakini si yote. Mwaka 2021 pendekezo la dola 15 lilianguka katika Seneti: waliolikubali 42, waliolikataa 58.

Sababu moja ni udhaifu wa vyama. Mwaka 1981 Rais Reagan aliwafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma, na waajiri wengine wakapata ujasiri. Mwaka 1983 wafanyakazi 20 katika kila 100 walikuwa wanachama. Mwaka 2024 hawakutimia hata 10.

Ndugu, mali haijigawi yenyewe. Anayekwepa ada ya chama leo asishangae mshahara wake ukisimama kesho.