Bacheeta hakuwa na cheti cha kuzaliwa

Mahindi yanayovuka Elegu kuingia Nimule yana karatasi. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kupewa cheti rahisi cha uasili kinachosema umetoka nchi gani. Lakini mama mwenye mzigo huo, akifika Juba na kutaka kuthibitisha kwamba bibi yake alizaliwa huko, hana cheti cha namna hiyo. Gunia linajulikana kwao. Mwenye gunia anaulizwa wewe ni nani.

Sheria yenyewe haimfungii mlango. Sheria ya Uraia ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 inamtambua mtu ambaye mzazi wake, babu au bibi yake, au hata mzazi wa babu au bibi yake, alizaliwa nchini humo, iwe kwa upande wa kiume au wa kike. Mtu mwenye miaka 70 leo anaweza kuwa na mama wa bibi aliyezaliwa wakati Malkia Victoria bado yuko kwenye kiti, kabla ya 1901. Sheria basi inarudi nyuma hadi kwa wanawake wa karne ya 19. Taabu ni kwamba hakuna aliyewaandika.

Yupo mmoja aliyeandikwa kwa bahati. Ng'ambo ya Mto Nile kutoka mjini Juba palikuwa na kituo cha Gondokoro, ambako mashua za Khartoum zilifuata pembe za ndovu na watumwa. Februari 1863 alifika hapo Mwingereza Samuel Baker, pamoja na Florence, ambaye alimpata mwaka 1859 kwenye mnada wa watumwa huko Vidin, mji ulio kando ya mto Danube. Kutoka Gondokoro walielekea kusini, Bunyoro, wakifuatana na msafara wa wafanyabiashara. Baker alihitaji mtu anayejua Kiarabu na Kinyoro. Akampata Bacheeta, mwanamke wa Kinyoro aliyekuwa mtumwa wa mmoja wa watu wa msafara na aliyekuwa amejifunza Kiarabu mikononi mwao.

Mfanyabiashara yeyote wa mpakani anaijua kazi hiyo. Asiyekuwa na mkalimani habadilishani kitu, wala hapiti kwenye himaya ya mtu. Katika kitabu ambacho Baker alikichapisha mwaka 1866, Bacheeta anatokea pale tu bwana mkubwa anapomhitaji. Hakuna mwaka wa kuzaliwa, wala jina la baba au la mama. Hata jina lake limeandikwa jinsi sikio la Kiingereza lilivyolisikia.

Hata hivyo, anayesoma kwa makini humwona mtu. Mwanzoni mwa 1864 alipotakiwa kuuongoza msafara kwa Kamrasi, mfalme wa Bunyoro, Bacheeta aliupeleka upande wa Rionga, adui wa Kamrasi. Baker alikasirika, akaona amedanganywa. Baadaye ikajulikana kwamba mwanamke huyo aliwahi kuishi katika nyumba ya mtu aitwaye Sali, ambaye Kamrasi alimuua. Kumbe alikuwa na maisha kabla ya minyororo, alikuwa na marehemu wa kuwalilia na hesabu ya kulipa. Baker aliuona ujanja wa mtumwa. Msomaji wa leo ana haki ya kuona siasa ya mwanamke aliyerudishwa kwao bila kuulizwa.

Tukio jingine linajulikana zaidi. Mtu aliyejitambulisha kuwa Kamrasi alipomtaka Baker amwachie Florence, Baker alimwelekezea bastola. Florence akasimama, akamkaripia mtu huyo kwa Kiarabu, lugha ambayo hakuielewa. Bacheeta ndiye aliyeyatafsiri maneno hayo, naye akayatafsiri kwa ukali uleule, mbele ya mtu aliyekuwa na uwezo wa kumkata kichwa. Baker anasimulia hilo kama mzaha. Florence, aliyewahi kuwa mtumwa kama Bacheeta, aliishia kuwa mke wa mheshimiwa Uingereza, na shajara aliyoiandika katika safari ya pili ya Nile, 1870 hadi 1873, ilichapishwa kitabu. Tofauti ya wanawake hao wawili katika kumbukumbu haikutokana na ushujaa.

Mfuaji nguo wa London wa miaka hiyohiyo, maskini wa kutupwa, anapatikana leo. Usajili wa vizazi, ndoa na vifo katika Uingereza na Wales ulianza Julai 1837, na sensa iliyofanywa kila baada ya miaka kumi iliandika jina, umri, kazi na mahali pa kuzaliwa. Kitukuu wake anaketi mezani na kumfuata kutoka nyumba hadi nyumba. Si kwamba Waingereza waliwatendea haki wanawake kwa ukamilifu. Cheti cha ndoa kiliandika kazi ya baba wa bibi harusi na ya baba wa bwana harusi. Majina ya mama zao yaliingia Mei 2021 tu. Lakini mlango ulikuwepo wa kubisha.

Huku kwetu daftari lililofuata lilikuwa la kodi. Kodi ya kibanda ya wakoloni wa Kenya na Uganda ilihesabu nyumba, na mwanamume mwenye wake watatu akadaiwa vibanda vitatu. Mke aliingia serikalini kama paa la nyasi. Hata Lugard, alipowachukua askari wa Kisudani wa Emin Pasha mwaka 1891 na kuwaleta Uganda, aliongoza msafara wa maelfu, na wenye bunduki walikuwa mia kadhaa tu. Waliobaki wengi wao ni wanawake na watoto. Wajukuu wao ndio Wanubi wa Bombo, Arua na Kibera, ambao Kinubi chao ni ndugu wa Kiarabu cha Juba. Mama wa Kinubi akifika soko la Konyo Konyo haihitaji siku mbili kuelewana bei. Anabaki mgeni kwenye karatasi pekee.

Ofisi haina budi kuuliza, kwa kuwa uraia hauwezi kugawiwa kwa kila mwenye hadithi nzuri. Lakini sheria inayoruhusu upande wa kike, huku ikitegemea karatasi na mashahidi wa ukoo wa kiume, imetoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Mjane aliyekosana na wakwe zake atamleta shahidi gani? Ushahidi wa bibi mzee wa ukoo wa mama, daftari la ubatizo na hukumu ya mahari ya mahakama ya kimila vingepaswa kuwa na uzito uleule wa neno la mjomba mwenye suti.

Kisha kuna mafaili. Nyaraka za taifa za Sudan Kusini, nyingi zikiwa za karne ya 20, zilikaa miaka kadhaa ndani ya hema mjini Juba, zikipigana na unyevu na mchwa, hadi zilipoanza kupangwa na kupigwa picha za kidijitali kwa msaada wa Taasisi ya Bonde la Ufa. Nyingine ziko Khartoum, mji ulioingia vitani Aprili 2023, na nyingine ziko Durham, Uingereza. Za upande wa pili wa mpaka ziko Kampala na Nairobi. Sudan Kusini imo katika Jumuiya tangu 2016, na miaka yote hiyo mazungumzo yamekuwa ya ushuru, mizani na malori. Kubadilishana nakala za mafaili ni kazi ya bei ndogo kuliko kilomita chache za lami.

Na katika kupanga mafaili hayo, kila mwanamke anayetajwa, awe mdai, shahidi, mtoro au mke wa askari, aingizwe kwenye orodha kwa jina lake na la mama yake kama lipo, hata pale karani alipolikosea. Kazi hiyo inaweza kuanzia kwenye mafaili ya wilaya za mpakani: Nimule, Kajo Keji, Yei na Torit, kabla ya mvua nyingine.