Bisibisi, sindano na harufu ya embe chumbani kwa kijana

Mzazi mwenzangu, wiki hii tuzungumze kuhusu droo ya kijana wako. Ukikuta humo bisibisi ndogo ya fundi simu, koleo, bomba la sindano, pamba na vipande vya waya mwembamba, na chumba kinanukia embe wakati hakuna embe ndani ya nyumba, usipite tu ukidhani anatengeneza redio. Huenda anafungua na kujaza upya sigara ya kielektroniki, ile ambayo vijana wanaiita vepu.

Usiseme hayo ni mambo ya Masaki. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha inapita hapa Korogwe, na kinachouzwa Kariakoo leo kesho kinaweza kushuka stendi pamoja na mzigo wa makava ya simu. Sisi wa Old Korogwe na wenzetu wa Handeni tuna watoto wenye mikono ya ufundi. Kwetu kitu kikiharibika hakitupwi, kinafunguliwa. Kwa redio na pasi hiyo ni tabia njema. Kwa vepu inaweza kuleta msiba.

Kifaa chenyewe hakina mambo mengi. Kina betri ya lithiamu, kikasha cha maji kinachoitwa katriji, pamba inayonyonya maji hayo, na waya unaopata moto na kuyageuza mvuke. Vingi vimetengenezwa vitumike na kutupwa. Kijana asiye na hela ya kununua kingine ndiye anayeshika bisibisi.

Hatari ya kwanza ni maji. Kiwandani huwa ni gliserini, propilini glaikoli, ladha na nikotini. Mtaani hakuna anayejua kilichomo. Huko Marekani, mwaka 2019, watu walianza kulazwa hospitali wakishindwa kupumua. Hadi Februari 2020 waliolazwa au kufariki walifika 2,807, na kati yao 68 walipoteza maisha. Wengi walikuwa wamevuta katriji zenye kilevi cha bangi zilizopatikana kwa marafiki na wauzaji wa vichochoroni, na uchunguzi ulionyesha kuwa zilichanganywa na mafuta ya vitamini E. Mafuta hayo ukiyameza au kuyapaka ngozini hayana shida kubwa, lakini yakivutwa yanaharibu mapafu. Katika jimbo la Wisconsin polisi walikuta nyumba ya kawaida ambamo katriji kwa maelfu zilikuwa zikijazwa kwa bomba la sindano.

Ya pili ni nikotini yenyewe. Ubongo wa kijana unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na nikotini humfanya mtumwa haraka kuliko mtu mzima. Kuna na mdogo wake anayetambaa sakafuni. Kichupa kinachonukia pipi kikiachwa wazi, mtoto ataonja. Kiasi kidogo tu cha maji makali ya nikotini kinaweza kumuua. Dalili ni kutapika, kutokwa jasho, moyo kwenda mbio na degedege. Ukiona hivyo usimtapishe. Yakimwagikia ngozini, mvue nguo na umuoshe kwa maji mengi, kisha mkimbize Magunga au hospitali iliyo karibu, na uende na kichupa.

Ya tatu ni betri. Betri ya lithiamu ikitobolewa kwa bisibisi, au waya zake zikigusana, hupata moto kwa ghafla na inaweza kulipuka. Mwezi Mei 2018, mwanamume wa miaka 38 huko Florida alikufa baada ya vepu yake kumlipukia. Ukikuta betri iliyovimba usiichaji wala usiitoboe. Itoe nje, mbali na godoro na mafuta ya taa.

Sheria yetu ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, na inakataza kumuuzia tumbaku mtoto wa chini ya miaka 18. Mwaka huohuo mfamasia wa China, Hon Lik, ndiyo kwanza alikuwa anabuni sigara hii, kwa hiyo waliotunga sheria hawakuwa wameiona. Wenzetu Uganda waliipiga marufuku kwa jina kwenye sheria yao ya mwaka 2015. Kwa vyovyote, askari haingii chumbani kwa mwanao kila jioni. Anayeingia ni wewe.

Sasa ufanye nini? Usianze na fimbo. Ukimpiga atahamishia kazi kwa rafiki yake, na huko hutaona tena bisibisi wala sindano. Kaa naye mkiwa wawili, muulize ameinunua wapi na nani amemfundisha kuifungua, umsikilize mpaka mwisho. Kama anaona ugumu kuacha, mpeleke kituo cha afya. Huo ni uraibu, si ukaidi. Halafu chukua katriji, muachie bisibisi. Mtafutie fundi wa simu au wa redio mwaminifu ajifunze kwake akitoka shule, na akimaliza mfikirie VETA. Mkono unaoweza kufungua kidude kidogo namna ile bila mwalimu ni mtaji wa nyumba yako.

Leo usiku, kabla hujalala, pita chumbani kwake umsalimie. Tukutane wiki ijayo.