Miaka sita ya Java, na bado Kotlin ilinipeleka shule

Kuna sentensi ambayo kila programa aliyekaa kwenye kazi hii miaka kadhaa ameisema: "Lugha ni lugha tu, hii nitaishika wikendi moja." Wewe umeisema, usinidanganye. Mimi niliisema nikiwa chumbani kwangu Kamakwa, hapa Nyeri, kikombe cha chai mkononi na kiburi kimejaa kifua. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu hapo Java ndiyo imenilipia nyumba: programu ya duka la dawa Karatina, ya shule moja Othaya, ya chama cha akiba huku mjini. Miaka sita. Sasa Kotlin ingenishinda na nini?

Kama hujakutana nayo, Kotlin ilitengenezwa na kampuni ya JetBrains, na jina lake ni la kisiwa kilicho karibu na St. Petersburg, Urusi. Mwaka wa 2017 Google ilitangaza kwamba inaikubali rasmi kwa programu za Android, na 2019 ikasema Kotlin ndiyo itakayopewa kipaumbele. Kwa hivyo ukitafuta kazi ya Android leo, hata za kufanyia nyumbani, utaulizwa Kotlin kabla hujamaliza kusalimia. Java, ambayo imekuwapo tangu 1995 na jina lake ni la kahawa, haijafa. Lakini ukiijua hiyo peke yake, kwenye Android unaanza kuonekana mzee ukiwa na miaka ishirini na sita.

Basi wikendi yangu ilitosha. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Nilikuwa nimepewa kazi na chama kimoja cha wakulima wa kahawa. Karani anapima cheri kwenye mizani, anaandika kilo kwenye simu, mkulima anapata ujumbe papo hapo. Sehemu kubwa ya programu nilikuwa nayo tayari kwa Java. Android Studio ina kitu kinachokugeuzia msimbo wa Java kuwa Kotlin, wewe unabandika tu. Nikabandika. Ikajaa mistari myekundu. Kila mahali Kotlin ilikuwa inaniuliza swali moja: hii nambari ya simu, na kama haipo?

Hilo ndilo jambo ambalo lugha hii imelitilia mkazo kuliko mama yake. Kwenye Java, kitu chochote kinaweza kuwa tupu, yaani "null", na hutajua mpaka programu ianguke. Tony Hoare, Mwingereza aliyeibuni hiyo "null" mwaka wa 1965, alikuja kuomba radhi hadharani mwaka wa 2009, akaiita kosa lake la dola bilioni moja. Kotlin inakulazimisha useme mapema: hiki kinaweza kukosekana, hiki hakiwezi. Ukiwa na haraka, kuna njia ya kuinyamazisha. Unaweka alama mbili za mshangao, "!!", maana yake, "Niamini, kipo." Mimi niliziweka kama chumvi. Mistari myekundu ikaisha, nikalala.

Wiki ya pili ya msimu, jioni, foleni imefika nje ya lango, akaja shosho mmoja ambaye hana simu. Hakuwahi kuwa nayo. Karani akaingiza nambari yake ya uanachama na programu ikazimika. Akaifungua tena, ikazimika tena. Wakati huo cheri zinangoja, na cheri hazilali, zinafaa kusagwa siku ile ile. Karani akatoa kitabu na kalamu, akaendelea kama zamani. Hakuna aliyenitukana. Waliniambia tu kwa upole kwamba "hiyo simu yako" imekataa wazee.

Ukweli ni kwamba Kotlin ilikuwa imeniuliza habari za yule shosho wiki tatu kabla, kwa wino mwekundu, na mimi nikaiambia ninyamazie. Programu yangu ya zamani ya Java isingeanguka hapo, maana ndani yake nilikuwa nimeandika, "kama hakuna nambari, usitume." Zile alama mbili ziliangusha kila kitu kabla ya kufika kwenye huo mstari. Kwa hivyo mgeni wa Kotlin asiyejua lolote angenishinda. Yeye angeshtuka kuona rangi nyekundu, asome, aulize. Mimi nilikuwa na uzoefu wa kutosha kuizima.

Sisi watu wa mlimani tunaijua hali hii kwa mdomo. Sikiliza tukiongea Kiswahili: "katoto kadogo," "tutoto tudogo." Kikuyu kina ngeli yake ya vitu vidogo, nasi tumeibeba nzima nzima hadi kwa Kiswahili. Hapa hakuna anayeshangaa. Shuka Mombasa useme hivyo na muuza machungwa atakuuliza umetoka bara sehemu gani. Na kumbuka hatukushindwa kujifunza. Mtu na watu, mti na miti, hizo tulizipata haraka kuliko Mzungu yeyote kwa sababu nyumbani tuna mũndũ na andũ, mũtĩ na mĩtĩ. Kile kile kilichotusaidia ndicho kinachotuchongea.

Na programu ni hivyo hivyo. Wazo la klasi na vitu lilianzia Norway miaka ya sitini, kwenye lugha iitwayo Simula, na ukilielewa mara moja huhitaji kufundishwa upya. Kwa hivyo tafadhali usimalize bando lako ukitazama video ya saa nne inayoeleza kigezo ni nini. Nenda moja kwa moja pale lugha mpya inapokukatalia. Kwa mfano, Java inaacha klasi yoyote irithiwe mpaka uikataze. Kotlin imegeuza: hairithiwi mpaka uandike "open". Nilipokutana na hilo nilikasirika, nikaandika "open" kila mahali. Ujinga ule ule wa "!!" kwa koti lingine. Siku hizi nikiona hasira inanipanda, najua nimefika pale penye somo.

Kuna wale watakaokwambia usahau yote unayojua. Sikubaliani nao. Mkulima wa Tetu mwenye mashina ya zamani ya SL28 akitaka Batian, ile aina iliyotolewa 2010 inayostahimili magonjwa, si lazima ang'oe shamba. Anaweza kupandikiza Batian juu ya shina la zamani, mizizi ibaki ile ile. Ila machipukizi ya SL28 yatarudi chini ya kiungo, na yasipong'olewa yataimeza Batian. Anayang'oa kila anapopita.

Shida yetu sisi wa Nyeri, Nanyuki, Kerugoya na Embu ni kwamba hakuna anayepita shambani mwetu. Kwenye kampuni kubwa Nairobi, kuna mtu kwenye meza ya pili anayesoma msimbo wako kabla haujatoka, na akiona "!!" kumi na saba anakuuliza kama uko sawa. Huku uko peke yako. Mteja wako hajui Java wala Kotlin. Ikifunguka, anakulipa na kukusifu. Unaweza kuandika Java kwa maneno ya Kotlin miaka mitano na kila mtu akakuita mtaalamu.

Mimi nilimtafuta jamaa wa King'ong'o, mdogo wangu kwa miaka mitatu, ambaye alianza na Kotlin moja kwa moja. Nikampa ile programu aisome. Alicheka kwanza, nikavumilia. Halafu akafuta karibu thuluthi moja ya nilichoandika, na bado ikafanya kazi. Sasa tunakutana Jumamosi, tuko watatu, kila mtu analeta kitu cha zamani alichokiandika kwa lugha anayoijua na kukiandika upya kwa ile asiyoijua. Mmoja anatoka PHP anaenda Python, na makosa yake yanafanana na yangu utadhani tulisoma darasa moja.

Chama kilinipa nafasi ya pili msimu uliofuata. Kwa mkulima asiye na simu, programu sasa inachapa risiti ndogo ya karatasi, na yule shosho huikunja mara nne na kuifunga kwenye pembe ya leso.